Ukimfungia Paka Mlango, Umebeba Deni

Muulize Mwislamu yeyote wa pwani aliyepita chuoni utotoni akwambie chombo kilichorambwa na mbwa kinaoshwa mara ngapi. Atakujibu kabla hujamaliza swali: mara saba, moja kwa udongo. Hukumu hiyo imo katika Safina, kile kitabu chembamba cha fikihi ya Kishafi ambacho watoto wa Lamu, Mombasa, Tanga, Unguja na Ngazija wamekihifadhi kizazi baada ya kizazi. Sasa muulize hukumu nyingine, iliyomo kitabuni humo humo kurasa chache tu nyuma, kwenye mlango wa tayamamu. Una maji ya kutosha udhu wako basi, na mbele yako kuna mnyama anakufa kwa kiu. Maji hayo utayafanyia nini?

Safina inajibu kwamba mnyama anywe, na wewe utayamamu. Sababu za kutayamamu zilizotajwa pale ni tatu: kukosa maji, ugonjwa, na kuyahitaji maji hayo kwa kiu ya kiumbe ambaye sheria imemhifadhi. Wanyama waliotolewa katika hifadhi hiyo ni wawili tu, nguruwe na mbwa mkali mwenye kung'ata. Paka yumo, punda yumo, na kwa kauli inayotegemewa katika madhehebu yetu hata mbwa koko asiyemdhuru mtu yumo. Swala ndiyo nguzo ya dini, na udhu ndio ufunguo wake. Hata hivyo wanazuoni wakasema maji ya udhu yaende kwenye koo la mnyama.

Hukumu ya mara saba tumeishika kwa mikono miwili, hii ya kiu tumeiacha ikapotea. Ndiyo maana unaweza kumwona mtoto anatoka chuoni na juzuu yake kwapani, akaokota jiwe na kumrushia mbwa aliyejilalia kivulini, na watu wazima walioketi barazani wakatazama wasiseme neno, kana kwamba mate ya mbwa ni dhambi aliyoitenda mbwa mwenyewe.

Upande wa pili wapo waliozidiwa na huruma. Nyumba ya vyumba viwili ina paka kumi na wawili, harufu ya mkojo inakupokea mlangoni, watoto wanakohoa, na mume hana kauli juu ya mahali pa kulala. Ukiuliza unaambiwa paka ni sunna. Makundi haya mawili, la jiwe na la nyumba iliyofurika, yote yanaitaja dini, na yote yameisoma nusu.

Tuanze na paka, kwa kuwa ndiye aliye mlangoni kwa wengi wetu. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abdullah bin Umar hadithi ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka. Husimuliwa sana kwenye mawaidha, lakini husimuliwa mbiombio, na ubora wake umo katika maelezo yake. Mwanamke yule hakuadhibiwa kwa kukataa kufuga paka. Aliadhibiwa kwa kumfungia asimpe chakula wala maji, na asimwachie atoke akajitafutie vijidudu vya ardhini. Maana yake alikuwa na njia mbili za kusalimika, na yoyote kati ya hizo ingemtosha: amlishe, au amfungulie. Paka aliye huru riziki yake iko kwa Mola wake, na wewe ukimtupia kichwa cha samaki umepata thawabu. Ukishamfungia mlango mambo yanageuka. Riziki yake umeichukua mkononi mwako, na ile iliyokuwa sadaka imekuwa deni.

Mpaka huu wa sadaka na deni ndio ninaoutaka kila mwenye nyumba aujue kabla ya kuingiza kiumbe ndani, kwa sababu ukiufahamu, maswali mengi ya nyumbani yanajijibu.

Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277 na ambaye Minhaj yake imekuwa tegemeo la masheikh na makadhi wa Kishafi wa pwani hii, ameiweka haki ya mnyama ndani ya mlango wa matunzo, ule ule unaozungumzia matunzo ya mke, ya watoto na ya wazazi. Mwenye mnyama ni wajibu amlishe na amnyweshe. Akikataa analazimishwa: amlishe au amuuze, na kama ni wa kuliwa basi hata kumchinja. Tena hakamuliwi maziwa kiasi cha kumdhuru ndama wake. Kabla yake kidogo, Izzuddin bin Abdisalam, Mshafi mwenzake aliyefariki mwaka 1262, alikuwa ameorodhesha haki za wanyama juu ya wanadamu. Miongoni mwake ni kwamba mnyama atunzwe hata akizeeka au akiugua kiasi cha kutokuwa na faida tena, na asitwishwe mzigo asiouweza.

Nikiisoma orodha ile huwakumbuka punda wa Lamu. Mji ule mizigo yake bado inapanda mgongoni mwa punda, mchanga, matofali, magunia ya unga, na tangu mwaka 1987 kuna zahanati ya punda iliyofunguliwa na shirika la Kiingereza la The Donkey Sanctuary, inayowatibu bila malipo. Wamefanya wema mkubwa na wanastahili shukrani. Lakini wajibu ule ulikuwa wetu tangu mwanzo, umeandikwa katika vitabu vyetu karne saba kabla hawajafika.

Turudi nyumbani. Abu Qatada, sahaba wa Mtume, alikuwa anatiliwa maji ya udhu na mke wa mwanawe, Bi Kabsha. Akatokea paka. Mzee akakiinamisha chombo ili paka anywe mpaka akatosheka. Alipomwona mkwewe anamkodolea macho, akamwita binti wa ndugu yake, akamuuliza kama anastaajabu, kisha akamweleza aliyoyasikia kwa Mtume: paka si najisi, ni katika wale wenye kuzungukazunguka nanyi majumbani. Hadithi hii imo katika Muwatta ya Imamu Malik na katika Sunan za Abu Daud na Tirmidhi. Abu Daud amepokea pia kwamba Bi Aisha alikuwa anaswali alipoletewa chakula, paka akaja akala kidogo, naye alipomaliza swala akala pale pale alipokula paka.

Hizo zinatosha. Hatuna haja ya kile kisa mashuhuri cha paka aliyelala juu ya kanzu ya Mtume, naye akaikata ili asimwamshe. Kisa hicho hakina msingi katika vitabu vya hadithi. Hali kadhalika msemo kwamba kupenda paka ni katika imani; wakaguzi wa hadithi wameuhesabu kuwa wa kuzuliwa. Dini iliyohifadhi maneno ya Mtume kwa uangalifu wote ule haipambwi kwa ngano, na huruma yenye sanadi sahihi ipo tele.

Lakini paka kuwa tohara hakumaanishi kila kitokacho kwake ni tohara. Mkojo na kinyesi chake ni najisi. Manyoya yaliyochomoka mwilini mwake, kwa fikihi ya Kishafi, ni najisi pia, ila machache yanasamehewa, na anayeishi na paka husamehewa zaidi kwa kuwa hawezi kujiepusha nayo. Kwa hiyo mwenye paka nyumbani awe na chumba au kona ya swala asiyoingia mnyama, akung'ute mswala wake, na ampe paka mahali pake pa haja, sanduku la mchanga linalosafishwa kila siku. Usafishaji huo wa kila siku una faida nyingine: kinyesi cha paka chaweza kubeba kimelea cha toksoplazma, ambacho huanza kuambukiza baada ya siku moja au zaidi. Mjamzito asikiguse kabisa, kazi hiyo ifanywe na mwingine.

Na chakula kinachotoka jikoni ni cha nani? Hapa ndipo ugomvi wa wengi unapoanzia. Bi mkubwa anabandua ukoko, anauloweka kwa mchuzi wa dagaa uliobaki, anauweka kwenye kifuu nyuma ya nyumba. Paka watatu wanakuja mkia juu. Mume akirudi ananung'unika kwamba jasho lake linaliwa na paka shume wa mtaa mzima. Mtume amelizungumza jambo linalofanana na hili katika hadithi ya Bi Aisha iliyomo kwa Bukhari na Muslim: mwanamke akitoa sadaka katika chakula cha nyumbani kwake bila ya kuharibu, anapata ujira kwa kutoa, na mumewe anapata ujira kwa kuchuma. Basi mume aliyekasirikia ukoko amekasirikia thawabu zake mwenyewe. Ila lipo sharti, na mke naye alishike: bila ya kuharibu. Makombo, ukoko, matumbo na mashavu ya samaki, hayo hayana mgogoro. Kununua chakula cha paka cha paketi kwa pesa za ada ya mtoto, au kwa pesa ya dawa ya mama mkwe aliyelala chumba cha pili, huko ni kuharibu. Mtume amesema kwamba inamtosha mtu dhambi kuwatelekeza wale anaowalisha. Wa kwanza kwenye safu hiyo ni watu wa nyumbani mwake. Paka aliyekwisha fugwa naye yumo kwenye safu, na paka wa mtaani anafuata nyuma yao.

Kwa hiyo swali la paka wangapi wanafaa kukaa ndani halina jibu la hesabu, na sioni busara ya kutafuta hesabu. Jibu limo katika uwezo: wote unaowafungia mlango uweze kuwalisha, kuwanywesha na kuwasafishia, wala usipunguze haki ya mtu wa nyumba hiyo. Mke au mume akisema wa nne hapana, ukanyamaza ukawaachia wengine wakae nje huku ukiwatilia maji, hujamkosea Mungu. Umesimama pale pale aliposhindwa kusimama mwanamke wa ile hadithi.

Jirani naye ana haki, na hili wapenzi wa paka hawalipendi. Katika Minhaj, paka aliyezoeleka kula kuku au chakula cha watu, mwenyewe analipa, iwe mchana au usiku, kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Paka asiyejulikana kwa tabia hiyo, akitokea kufanya mara moja, mwenyewe halipi. Angalia uadilifu wa hukumu hii. Jirani aliyeliwa vifaranga vyake kila wiki halazimishwi kuvumilia eti kwa kuwa paka ni wa sunna. Na mwenye paka habebeshwi lawama za kila kifaranga kilichopotea mtaani. Ukijiwa na mwenye vifaranga, usimjibu kwamba huyo paka anakuja mwenyewe tu, iwapo kila jioni unamwita kwa jina lake na analala kitandani kwako. Lipa, kisha mfungie wakati wa vifaranga, umpe chakula chake.

Sasa tuje kwenye dhambi ya mjini ambayo karibu kila mtaa unaifanya na hakuna anayeikemea mimbarini. Paka kazaa stoo au juu ya dari. Wiki mbili baadaye watoto wa paka wanaanza kulia usiku. Kijana anapewa kiroba na kuambiwa awapeleke sokoni, huko kuna samaki, watakula. Anawamwaga pembeni ya soko la samaki, macho yao ndiyo kwanza yamefunguka. Hawajui kula samaki, bado wananyonya. Jua likipanda wanalia, jioni wamenyamaza, na mama yao nyumbani anazunguka dari akiita.

Yuko ndege aliyeitwa humara, ambaye baadhi ya masahaba walimchukulia makinda yake safarini. Mama akaja akitandaza mbawa zake chini kwa uchungu. Mtume alipomwona aliuliza nani aliyemsikitisha ndege huyu kwa watoto wake, akaamuru warudishwe. Abu Daud ameipokea kutoka kwa Ibn Masud. Kama ndege wa porini alirudishiwa makinda yake katikati ya safari, paka aliyezalia darini kwako anaweza kuachiwa watoto wake miezi miwili mpaka waache kunyonya, ndipo uwatafutie wenyewe.

Tabia hii ya kuwatupia wengine ni ya zamani. Sultani Baybars wa Misri, katika karne ya 13, aliweka wakfu bustani kwa ajili ya kuwalisha paka wa Cairo. Mwingereza Edward Lane, aliyeishi mji huo na kuchapisha kitabu chake mwaka 1836, alikuta bustani imekwisha uzwa na kupita mikono mingi, na mzigo wote umemwangukia kadhi. Kila alasiri paka walikuwa wakiletewa matumbo katika ua mkubwa wa mahakama. Lane akaongeza kwamba watu wa Cairo waliotaka kuondokana na paka wao walikuwa wakienda kuwaachia katika ua huo huo. Wakfu ni jambo tukufu, na natamani tungekuwa na wakfu kama ule Mji Mkongwe au Mji wa Kale wa Mombasa. Ila wakfu bila ya kupunguza uzazi hugeuka pahala pa kutupia.

Kuhusu upasuaji wa kuzuia uzazi wanazuoni wamekhitilafiana. Mahanafi waliruhusu kuhasi mnyama panapokuwa na maslaha. Mashafi wa zamani walikaza kwa wanyama wasioliwa. Miongoni mwa wa zama hizi, Sheikh Ibn Uthaymin wa Saudia alisema kwamba paka wakiwa wengi na wenye kuudhi, na upasuaji usiwadhuru, hapana ubaya, kwani ni bora kuliko kuwaua wakishazaliwa. Naiona fatwa hiyo ndiyo inayofaa miji yetu. Mashafi wale waliandika wakati ambapo daktari wa mifugo mwenye dawa ya usingizi hakuwepo. Kuhasi kulikuwa mateso. Leo mnyama analala, anashonwa, anaamka. Anayeona uzito kwa upasuaji aupime kwa kiroba.

Na mbwa? Sikusudii kulainisha hukumu. Hadithi sahihi zinasema anayefuga mbwa asiyekuwa wa mifugo, wa kuwinda au wa shamba anapungukiwa na thawabu kila siku, na kwamba malaika hawaingii nyumba yenye mbwa. Imamu Malik aliona mbwa ni tohara na kuosha mara saba ni ibada tu, lakini sisi wa pwani tumelelewa kwa Imamu Shafi, na katika madhehebu yetu kauli sahihi zaidi imeruhusu pia mbwa wa kulinda nyumba. Basi mbwa wa mapambo hana nafasi sebuleni, na mlinzi banda lake liwe nje. Huo ndio mpaka wa nyumba. Hakuna mahali popote mpaka huo ulipogeuzwa kuwa ruhusa ya kumpiga, kumnyima maji au kumtega kwa sumu. Mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kushuka kisimani na kujaza maji katika kiatu chake alimnywesha mbwa. Kahaba wa Bani Israili aliyesamehewa naye alimnywesha mbwa. Masahaba walipouliza kama wanyama nao wana ujira, waliambiwa kuwa katika kila chenye uhai upo.

Wala kumgusa si haramu unapokuwa na haja. Kikavu kwa kikavu hakuna unajisi, na kikiwa na majimaji unaosha mara saba, moja kwa udongo, umekwisha. Sheria imekufundisha namna ya kujitoharisha kwa sababu ilijua utamgusa.

Hili linahusu uhai wa watu pia. Kichaa cha mbwa huua karibu kila anayekwisha kuonyesha dalili zake, na asilimia 99 ya wagonjwa ulimwenguni wameambukizwa na mbwa. Dawa yake ya mjini na shamba ni moja: kuchanja mbwa wengi, angalau 70 katika kila 100, kila mwaka bila kukatisha. Pemba imelithibitisha hilo. Kisiwa kile ambacho wakazi wake karibu wote ni Waislamu kilifanya chanjo za mbwa kisiwa kizima, na kufikia Mei 2014 kichaa kilikuwa kimekwisha. Chanjo zikasimama. Mwishoni mwa mwaka 2016 maradhi yakaingia tena kutoka nje, yakasambaa. Chanjo zikarudishwa, na Oktoba 2018 yakatokomezwa mara ya pili. Hakuna aliyelazimika kumwingiza mbwa ndani kwake. Ilitosha mtu kumshika mbwa nje, akasimamishwa, akachomwa sindano. Wapemba walioshika kamba za mbwa wale waliwaokoa watoto wa majirani zao na kuwaokoa mbwa wenyewe, maana pasipo chanjo serikali hukimbilia bunduki na sumu.

Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo akachanjwe, hata jeraha likiwa dogo.

Nawaomba masheikh na walimu wa vyuo: mnaposomesha mlango wa najisi, rudini kwenye mlango wa tayamamu siku hiyo hiyo, watoto wazisikie hukumu mbili kwa pamoja. Na wewe mwenye nyumba, sheha akitangaza siku ya chanjo ya mbwa, usiseme mimi sifugi. Yule mbwa anayelala nyuma ya ukuta wako mtie kamba, mpeleke, kisha urudi uoshe mikono mara saba.